Wajuzi wa uyoga: huu mweupe wa ukingoni mwa Jozani ni wa kichuguu au mwengine?

Pakacha Tupu — Jumapili, saa 4 asubuhi

Assalam aleikum wana jamvi.

Mvua hizi za masika leo zimetupa kitu, na kitu chenyewe kimezusha mgogoro nyumbani. Nataka wanaojua waniamulie.

Nimetoka alfajiri na mwanangu wa miaka tisa kwenda shamba letu la upande wa Cheju, kule mashamba yanakokaribiana na msitu wa Jozani. Ni nje ya mpaka wa hifadhi, msije mkaniandama. Ndani hakuchumwi kitu na mimi si mwizi. Chini ya mwembe mkongwe pana kichuguu, kimo chake kinafika gotini. Ubavuni mwake uyoga umechomoza makundi makundi kama watu wanaotoka msikitini siku ya Ijumaa. Tukachuma. Wakati wa kurudi tumepita penye majani mafupi, pale watu wanapofunga ng'ombe, mtoto akapiga ukelele: kuna mwengine, mkubwa kuliko ule, umejipanga nusu duara kama maulidi. Tukachuma na huo. Pakacha likajaa.

Sasa nieleze. Wote ni mweupe. Ule mkubwa kofia yake nimeipima, inapita shubiri. Juu ina magamba ya kahawia, katikati yamerundikana, pembeni yametawanyika. Shina ni refu na lina pete, na pete yenyewe ukiisukuma inapanda na kushuka kama pete ya harusi kwenye kidole kilichokonda. Mwengine kofia ni ndogo kidogo, laini, katikati rangi ya chai ya maziwa, na palepale katikati pana kinundu kigumu chenye ncha. Chini ya kofia, kote kuwili, kurasa ni nyeupe. (Mimi naziita kurasa, zimepangika kama daftari. Kama zina jina lake nitajieni.)

Wote nimeukata kwa kisu sawasawa na ardhi. Msafi, hauna hata punje ya mchanga.

Nimefika nyumbani, nimemwekea bibi yangu pakacha mapajani. Bibi macho yamekwisha kabisa, lakini uyoga wa nazi hakuna anayeupika kama yeye. Kaupapasa mmoja mmoja, kafika kama wa kumi, kasukuma pakacha: "Rudisha ulikolitoa. Mie simpikii mtu kitu hichi." Kwa nini bibi? "Umeukata."

Nimeukata! Kwani uyoga unachumwaje kama haukatwi? Mimi nasema ni uzee, mke wangu kashika upande wa bibi. Na tui limeshakamuliwa.

Picha nne hizo hapo juu. Ni uyoga wa kichuguu au siyo? Jibuni upesi, kabla ya adhuhuri.

Kima Punju — saa 4 na dakika 10

Tui tayari, uyoga haujajulikana jina. Yakhe, mwagia muhogo tui hilo maisha yaendelee.

Mpemba wa Konde — saa 4 na nusu

Aleika salaam. Ndugu yangu, hilo jambo dogo. Huku kwetu tumezaliwa na msitu wa Ngezi mlangoni, uyoga si mgeni. Chukua punje moja ya kitunguu thomu, imenye, itie chunguni pamoja na uyoga. Thomu ikibaki nyeupe, kula bismillah. Ikigeuka buluu au nyeusi, mwaga na chungu chenyewe. Marehemu babu yeye alikuwa na rupia ya fedha ya zamani, anaitosa chunguni, ikisawijika, hali. Na tazama kama umetafunwa na konokono au wadudu. Kiumbe wa Mungu hajiui mwenyewe.

Pakacha Tupu — saa 4 na dakika 40

Ahsante ami. Ule mkubwa una matundu ya wadudu, konokono mmoja tumemkuta juu yake kabisa anakula. Basi nipike?

Fundi Kuvu — saa 4 na dakika 45

USIPIKE. Samahani kwa herufi kubwa, nimeona "nipike" nikaruka.

Mzee wa Konde nakuheshimu, ila hapo nakupinga lote. Thomu hugeuka rangi kwa mambo yake mwenyewe: ikikutana na kitu cha uchachu, ndimu au siki, inaweza kuwa ya kijani au buluu hata kwenye achari isiyo na uyoga ndani. Fedha inasawijika kwa sababu ya salfa; iweke kwenye yai la kuchemsha uone. Sumu ya uyoga inayoua watu duniani kuliko zote haina habari na thomu wala rupia, inapita kimya kimya. Na konokono hula uyoga ule ule unaomaliza ini la binadamu, akaenda zake. Tumbo lake si tumbo lako.

Pakacha, rudi kwako. Picha zako ni nzuri, lakini umepiga kila kitu isipokuwa kinachotakiwa. Nataka mambo matatu.

Moja, shina linaishia vipi ardhini. Hapo umetukata miguu, nami namuunga mkono bibi yako kabla sijamjua jina. Uyoga mmoja chini una mzizi, mwengine una kitunguu, mwengine umekaa ndani ya kifuko kama yai lililopasuka. Ukikata sawasawa na ardhi, wote huo ni vijiti vyeupe tu.

Pili, vumbi lake. Kofia moja ya kila aina ikate shina, ilaze juu ya karatasi, kurasa zikitazama chini. Karatasi iwe nusu nyeupe nusu nyeusi, maana vumbi jeupe kwenye karatasi nyeupe hulioni. Funika kwa bakuli upepo usiingie. Acha mpaka asubuhi. Zitadondoka mbegu zake, laini kuliko unga wa sembe, nazo zitachora kurasa zote kama muhuri. Rangi ya muhuri huo ndiyo tunayoitafuta.

Tatu, na hili umeshanijibu bila ya kujua: umechuma mahali pawili. Nionavyo mimi, pakacha lako lina uyoga wa aina mbili. Tenganisha sasa hivi, usiache visugulane.

Mpemba wa Konde — saa 5

Sawa fundi, lakini babu alikufa na miaka themanini na kitu, na hakufa kwa uyoga.

Kima Punju — saa 5 na dakika 2

Kwa sababu alikuwa anachuma mahali pale pale miaka themanini. Rupia ilikuwa ya kupendezesha chungu.

Mama Mpunga — saa 5 na nusu

Jirani yangu kumbe! Mie niko Cheju hapa hapa, bondeni. Naongeza langu kwa sababu Fundi kataja kifuko.

Sisi tukishavuna mpunga, yale mabua tunayarundika. Yakinyeshewa na kuanza kuoza, unatoka uyoga wa kijivu. Mwanzo ni kama yai la njiwa, ukilipasua ndani unaiona kofia imejikunja. Baadaye yai linapasuka, kofia inapanda, na ganda linabaki chini ya shina kama soksi iliyoshuka. Wengine huula wakati bado ni yai. Mgeni mmoja mtaalamu wa kilimo alipita hapa akatwambia katika nchi za Asia wanaupanda makusudi kwenye mabua, wanautia makoponi na kuuza dunia nzima.

Sasa swali langu kwa Fundi: huo wetu una kifuko, na nasikia kifuko ndiyo dalili ya uyoga muuaji. Imekuwaje?

Fundi Kuvu — saa 6 mchana

Dada, swali lako ni zuri kuliko uzi mzima, samahani Pakacha.

Huo wa mabua kitaalamu ni Volvariella volvacea. Kifuko kweli unacho. Muuaji ni Amanita phalloides na ndugu zake baadhi, nao wana kifuko. Ulaya na Marekani wamekufa watu waliotoka Asia, waliozoea huo wa mabua tangu utoto, wakafika ugenini wakauona mwenziwe msituni wakadhani ni ule wa nyumbani. Walikuwa wajuzi. Ujuzi wao ulikuwa wa bonde la mpunga, wao wamesimama chini ya mti mwengine.

Kuwatofautisha: wa mabua hauna pete shinani, vumbi lake ni la waridi, na kurasa zikikomaa nazo huwa za waridi. Amanita phalloides ana kifuko, mara nyingi ana pete, kurasa nyeupe mpaka mwisho, na vumbi jeupe. Tena yeye hatoki kwenye mabua, anaishi na mizizi ya miti, mwaloni khasa. Asili yake Ulaya, akasafiri na miche ya miti mpaka Afrika Kusini na Australia. Bara kwenye miombo ukoo wa Amanita umejaa tele, na wamo wanaoliwa kwa raha zote, sokoni wanauzwa. Kwa hiyo nikiambiwa "ule wenye kifuko" bado sijaambiwa kitu. Lakini asiyejua, akiona kifuko, pete na kurasa nyeupe pamoja kwenye shina moja, aweke chini anawe mikono.

Zile yai nazo, dada: usile hata moja ambayo hujaipasua katikati kuanzia juu hadi chini. Na kama haikutoka kwenye rundo lako la mabua, usile kabisa. Ukiwa bado ni yai hata mimi unanidanganya.

Chapati Mbili — saa 7 mchana

Mnachekacheka, mimi uyoga umenilaza.

Mwaka juzi, masika kama haya, niko na mke wangu, shemeji na mdogo wangu. Uyoga mweupe mkubwa umeota uwanjani pembeni ya goli, baada ya mvua ya usiku kucha. Mdogo wangu kakaa Bara miaka, kasema huu ndio kule wanaokula. Tumekaanga kwa kitunguu na pilipili boga. Wallahi mtamu, kama kuku. Harufu nzuri, uchungu hauna, hakuna hata dalili moja ya ubaya. Wale wanaosema sumu ina uchungu waje wanione.

Tumekula saa mbili usiku. Saa nne na kitu shemeji kaanza kutapika. Saa tano sote wanne, ndoo moja, choo kimoja. Mke wangu kala vijiko viwili tu, naye hakusalimika. Mdogo wangu aliyekula sahani nzima ndiye aliyepata nafuu mwanzo, sijui kwa nini mpaka leo.

Hospitali niliyofika, swali la kwanza: mmeleta uliobaki? Tumeleta nini, tumeshamwagia kuku. Pale wakatuweka kwenye dripu, hakuna aliyeweza kutwambia tumekula nini. Siku ya pili tumetoka. Kuku wazima.

Nilichokuja kusema ni kwamba ile picha ya tatu ya Pakacha, yenye magamba na pete inayopanda na kushuka, nimeiona nikasikia kichefuchefu.

Sindano — saa 8 mchana

Mimi ni muuguzi, nipo zamu, nitaandika kwa ufupi.

Kwa uyoga tunatazama saa. Kutapika kukianza mapema, saa moja mpaka tatu baada ya kula, kama kwa ndugu Chapati, mara nyingi ni sumu ya tumbo. Unateseka, unakauka maji, mtoto mdogo au mzee anaweza kuwa hatarini, lakini mtu mzima akiwahi maji na dripu hupona.

Inayotutisha ni ile inayochelewa. Mtu anakula usiku, analala vizuri, asubuhi anakwenda kazini. Zikishapita saa sita, kumi na mbili, wakati mwengine zaidi, tangu ale, ndipo tumbo linachafuka. Anaharisha siku moja, halafu anapata nafuu, anasema alhamdulillah, nyumbani wanamruhusu. Kumbe ile nafuu ni ya uongo, ini linakufa ndani kwa ndani. Siku ya tatu macho ya manjano. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha wala kugandisha, na nusu ya kofia inaweza kumtosha mtu mzima.

Kuna na mtego: aliyekula pakacha mchanganyiko anaweza kutapika mapema kwa huu, na ule wa kuchelewa bado uko njiani. Kwa hiyo kutapika mapema peke yake hakukupi salama.

Mtu akila uyoga asioujua asisubiri kuumwa. Aende hospitali, na achukue uliobaki, maganda, hata matapishi, kwenye karatasi au kitambaa, siyo mfuko wa plastiki uliofungwa, unaoza upesi. Maziwa, mafuta na maji ya chumvi havisaidii, msimnyweshe.

Pakacha Tupu — saa 10 jioni

Tui nimemwagia muhogo. Kima Punju furahi.

Nimetenganisha. Wa kichuguu umekaa kwenye ungo, wa majani kwenye ndoo na kifuniko, mtoto nimemwambia asiguse. Karatasi nyeusi sikuwa nayo, nimekata boksi la viatu. Kofia mbili zimelala mezani, kila moja na bakuli lake. Mke wangu kaniuliza ninatabana nini.

Kesho alfajiri narudi shamba na kijembe. Nitachimba.

Pakacha Tupu — Jumatatu, saa 3 asubuhi

Wana jamvi, kaeni vizuri.

Nimeanzia kwenye majani. Umebaki kama saba kwenye ile nusu duara. Nimeingiza kijembe pembeni, nimeunyanyua mmoja mzima na dongo lake. Shina linashuka, linanenepa kidogo, linaishia papo hapo, chini ni kama kitunguu maji kidogo. Kifuko hakuna. Chini yake ni udongo wa kawaida na mizizi ya majani. Nimepasua shina kwa kucha, mle ndani likageuka rangi polepole, wekundu wa kahawia kama embe lililojigonga.

Kisha kichuguuni. Hapa ndipo nilipopigwa butwaa. Nimeanza kuchimba pembeni ya shina moja, nikitegemea litaishia inchi mbili. Haliishii. Linakuwa jembamba, linaingia baina ya mawe, jeusi jeusi kwa nje na jeupe kwa ndani, kama mzizi wa muhogo mchanga. Nimeacha kijembe, nimetumia vidole. Kiwiko kimezama. Mwanangu kalala kifudifudi ananimulikia na simu. Mwisho wake tumefika kwenye chumba, hakizidi ngumi, ndani mna kitu cha kahawia chenye matundu matundu kama sifongo la kuogea, mchwa wamejaa, na juu ya sifongo vidonge vyeupe vidogo kama punje za mtama. Ule mzizi umetoka humo.

Mchwa askari kaning'ata kidole cha shahada, damu. Haki yake, nimevunja nyumba. Nimeurudisha udongo.

Nyumbani nimefunua mabakuli. Wa kichuguu: upande mweupe umechora waridi hafifu, kama ukucha wa mtoto. Wa majani: KIJANI. Kwenye picha kurasa ni nyeupe, yule mkubwa tu ndiye aliyeanza kuingia rangi ya majivu, lakini karatasini ni kijani cha ukungu wa maji ya birika. Nimemwita mke wangu, nimemwita jirani. Picha hizo.

Fundi Kuvu — saa 3 na robo

Umemaliza kazi peke yako, mimi nitaje majina tu.

Wa majani ni Chlorophyllum molybdites. Kofia kubwa yenye magamba ya kahawia, pete inayotembea, kitunguu bila ya kifuko, nusu duara kwenye majani mafupi, na hilo vumbi la kijani ndilo linalokata maneno, maana uyoga mkubwa wenye vumbi la kijani ni nadra sana. Umeenea nchi za joto dunia nzima. Jina la molybdites alilitoa Mjerumani Meyer mwaka 1818 kwa uyoga uliotoka Guyana, huko Amerika ya Kusini. Marekani ndio unaolaza watu wengi kuliko mwengine, kwa sababu ule ule: unaota uwanjani, mzuri, mtamu. Ukiwa mchanga kurasa zake ni nyeupe kabisa, ndiyo maana macho hayakutoshi. Chapati Mbili, pole, nadhani umekutana na mtu wako.

Wa kichuguu ni jenasi, yaani ukoo, wa Termitomyces, jina alilolitoa Mfaransa Roger Heim mwaka 1942. Ile ncha katikati ya kofia ndiyo inayotoboa udongo, kama msumari, maana uyoga unatoka chini sana. Lile sifongo ni shamba la mchwa. Mchwa hawa wanatafuna miti na majani makavu, wanajengea lile sifongo kwa kinyesi chao, kuvu inaota humo na kuivunja miti mpaka ikawa chakula. Vidonge vyeupe ulivyoviona wanakula wenyewe. Hao wakulima wameanza kilimo mamilioni ya miaka kabla yetu, hawawezi kuishi bila ya kuvu, na kuvu haiwezi bila ya wao. Ndiyo sababu watu wamejaribu kuupanda huo wakashindwa. Hupandi uyoga, unatakiwa ufuge mchwa. Wako ndugu zake Zambia, Termitomyces titanicus, kofia yake inafika mita moja, mtoto anajikinga mvua.

Spishi yako khasa sitaitaja kwa picha, zinafanana mno. Na si wote wa ukoo huo wenye mzizi: uko mwengine mdogo, kama kifungo cha shati, unatoka kwa mamia pale mchwa walipotupa sifongo nje. Huo usiuchimbie.

Mpemba wa Konde — saa 4

Mie nakubali yaishe. Lakini nimemuuliza mama leo asubuhi kuhusu rupia ya babu. Kacheka mpaka kakaa chini. Kasema babu yako alikuwa anaitosa mbele ya wageni tu. Sisi wa nyumbani uyoga alikuwa anatuletea na dongo lake, mama ndiye anakata.

Kima Punju — saa 4 na dakika 5

Niliwaambia rupia ya kupendezesha chungu.

Mama Mpunga — saa 4 na nusu

Pakacha, na bibi je? Umemwambia? Maana sisi wengine tunasubiri hilo, hayo majina ya Kilatini Fundi atatuchapia kwenye karatasi.

Pakacha Tupu — Jumanne, baada ya isha

Nilitaka kuandika jana, nikaona haya.

Nimemletea uyoga mmoja mzima, na mzizi wake, na udongo. Nimeuweka mkononi mwake bila ya kusema kitu. Kaanza juu: kidole gumba kimekwenda moja kwa moja kwenye ile ncha, kaibonyeza. Kisha kashuka, kautelezesha mkono kwenye shina mpaka kwenye mzizi, akaufuata mpaka mwisho ulipokatika. Kasema, "Ehe." Basi, hilo tu, ehe.

Kisha nikampa ule wa majani, na kitunguu chake. Kashika pete kwanza, kaipandisha, kaishusha, kanirudishia. "Huu ndio uliomtapisha ami yako mwaka wa msiba wa babu yenu. Nenda kanawe."

Nikamwambia habari ya vumbi la kijani. Hakuwahi kulisikia. Kauliza kijani kama nini, nikamwambia kama ukungu wa birika la shaba. Kafikiri, kasema basi ndiyo sababu chungu kile maji yake yalikuwa mabaya.

Nikamuuliza, bibi, uliwezaje kuujua bila ya kuuona, na tangu lini? Akaniona mjinga. Kasema wao walipokuwa wasichana walikuwa wanatoka kabla ya adhana ya alfajiri, kiza bado kimetanda, bila ya taa, kwa sababu ukienda na taa jirani anajua kichuguu chako kiko wapi, na mwakani anakutangulia. Mama yake alikuwa anawashika mikono anawaingiza vidole udongoni: fuata, fuata, ukikwama rudisha. Uyoga unaopapasa ukakuta umeishia juu juu, unauacha. "Tulikuwa hatuuoni hata siku hizo macho yalipokuwapo. Weye umekuja na macho yako na kisu, umenikatia pale pale ninaposoma."

Nimeomba radhi. Kapika leo mchana, wa kichuguu tu, ulioshikwa na mikono yake mmoja mmoja mpaka mwisho wa mzizi. Tui, ndimu, pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa. Mimi nimekula kidogo nikangoja mpaka jioni, Sindano amenitia hofu. Yeye kamaliza chungu na kuniuliza ninaangalia saa ya nini.

Karatasi ya kijani kaichukua mwanangu, kaipeleka skuli kumwonesha mwalimu.

Sindano — saa 3 usiku

Kungoja kwako hakukukingi, ule wa kuchelewa unaweza kuanza hata baada ya jioni hiyo. Kilichokusalimisha ni mzizi. Lakini nimefurahi kwamba ndoo ya majani hukuimwagia kuku.

Pakacha Tupu — saa 3 na dakika 10

Nimeifukia shambani, kina cha goti.

Chapati Mbili — saa 3 na dakika 20

Pakacha, mie nimeshashindwa na uwanja wa mpira, nataka kuanza upya na wa kichuguu. Hilo shamba lako ukitoka barabara kuu unapita wapi? Huo mwembe uko kulia au kushoto?

Pakacha Tupu — saa 3 na nusu

Yakhe, nimeshaambiwa. Picha mbili zilizoonesha mwembe nimezifuta.